Kiti cha Mama wa Bibi Harusi

Mtaa mzima wa Mowlem, hapa Nairobi, huniita Anti. Wanafunzi wanaokuja kupigwa picha za paspoti huniita hivyo, makanga huniita hivyo, na hata mzee wa duka la dawa, ambaye kwa umri angeweza kunizaa, akinisalimia asubuhi huniita Anti bila haya yoyote. Jina hilo lilianza na mtoto mmoja tu, mtoto wa dada yangu, ambaye nilimlea tangu akiwa na miaka minne. Wengine walimsikia akiniita kutoka dirishani, nao wakalichukua.

Studio yangu ni chumba kimoja cha orofa ya kwanza, juu ya fundi anayechomelea milango ya chuma. Nina pazia jeupe la picha za paspoti, na pazia la zamani lililochorwa ngazi za jumba la kitajiri pamoja na maua ambayo sijawahi kuyaona yakiota popote. Kwenye msumari nyuma ya mlango kuna koti jeusi nililonunua Gikomba, soko la mitumba, kubwa la kumtosha mtu yeyote. Akilivaa mtu mwembamba, nalibana mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo, na kwenye picha anatokea kama meneja wa benki. Nusu ya wanaume wa mtaa huu wana picha wakiwa ndani ya koti hilo, na kila mmoja ukimuuliza atakuapia ni lake.

Naishi peke yangu, chumba na sebule, mwendo wa dakika tano kutoka studio. Sikuolewa. Watu huniuliza sababu, hasa wale niliowapiga picha za harusi, kana kwamba muuza mikate hawezi kulala njaa. Huwajibu kwamba Jumamosi zangu zote zilikuwa na kazi. Wanacheka, nami nacheka, halafu wanakwenda zao. Jumapili nasonga ugali wa mtu mmoja, na ugali wa mtu mmoja ni mgumu kupima kuliko watu wanavyodhani. Nimeusonga miaka na miaka na bado kila mara unabaki.

Kazi yenyewe nilijifunzia kwenye studio moja ya mjini, nilikoajiriwa kupokea wateja na kuandika risiti. Siku moja niliitwa chumba cha giza kusaidia kuosha filamu, nikaona uso wa mtu ukitokea polepole kwenye karatasi ndani ya maji ya dawa, na kuanzia hapo nilikuwa nikitafuta kila kisingizio cha kuingia humo. Nilipotoka kujitegemea, wanaume wenye kamera walikuwa tele Eastlands, wengine hodari kunishinda, sitadanganya. Lakini kulikuwa na mlango mmoja ambao wao walifungiwa. Asubuhi ya harusi, bibi harusi anapovalishwa, mwanamume na kamera yake alingojea nje kwenye ngazi. Mimi niliingia. Nilikuwa chumbani na mama yake, shangazi zake, pasi ya moto, chai iliyopoa na mtu mmoja ambaye lazima alie kwa sababu ya kiatu. Habari ikaenea, na Jumamosi zangu zikajaa, leo mtaa wa Umoja, wiki ijayo Dandora, ile nyingine Kayole.

Hivyo ndivyo nilivyowajua akina mama. Nimewaona wa kila aina wakifunga zipu ya gauni la binti, na hakuna hata mmoja aliyeifunga kwa haraka. Wengine hufunga, wakafungua, wakafunga tena, mradi tu wasimalize. Sikuwahi kumwambia mtu, lakini niliwaonea wivu. Bibi harusi sikumwonea wivu hata siku moja, maana nimeona mengi kwenye picha ambazo wenyewe hawakuziona. Niliyemwonea wivu ni yule wa zipu.

Na kuna ile picha ya keki. Katika harusi zetu, keki ikishakatwa, bibi na bwana harusi hubeba vipande kwenye sahani wakawapelekea wazazi wa pande zote mbili. Hupiga magoti mbele yao na kuwalisha, na wazazi nao huwalisha. Watu huimba, akina nyanya hupiga vigelegele, na mama wa bibi harusi, hata awe mkali namna gani, pale hulegea. Ile ndiyo picha inayoning'inizwa sebuleni, juu ya televisheni. Nimeingia nyumba za watu waliokosana na mabinti zao wasisemezane, na picha hiyo bado iko ukutani.

Nasema wazi, kwa sababu umri wangu haunidai tena kuficha: niliitaka picha hiyo moja. Nilikuwa nikilea mtoto, nilijua siku moja ataolewa, na nilijiwekea moyoni kwamba siku hiyo keki inapopelekwa, atakayekuwa amekaa kwenye kiti cha mama ni mimi. Sikumwambia yeyote. Nilidhani jambo kama hilo halisemwi, kwamba litakuja lenyewe.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Dada yangu alipofariki, kaka yetu aliniletea mtoto kutoka kwetu Ukambani akiwa na begi dogo na sweta iliyompita mikono. Alikaa kwenye kiti cha studio, miguu haifiki chini, akaniangalia kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Nikuite nani?" Nilikuwa bado na majonzi, na nilihisi kama dada yangu anasikiliza. Nikamwambia, "Mama yako ni yule mmoja tu. Mimi niite Anti." Akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa mtoto msikivu, na hakuwahi kukosea hata mara moja, wala akiwa na homa, wala akiota ndoto mbaya. Nilimngoja akosee, lakini wapi.

Baba yake hatukumjua. Nilimsomesha mimi. Siku za wiki alifanyia kazi za shule kwenye studio, akanyamaza mteja akiingia, akacheka koti likibanwa. Jumamosi nilimwacha kwa jirani, kwa sababu Jumamosi ndipo riziki ilipokuwa, na harusi si mahali pa kwenda na mtoto wakati umebeba mifuko miwili na stendi. Nikirudi jioni nilimkuta amekaa kwenye ngazi zetu. Aliwahi kuniuliza, "Anti, hao watu unaowapiga picha, unawajua?" Nikamwambia siwajui. Akasema, "Na unashinda nao siku nzima." Nilicheka. Nilidhani ni utundu wa mtoto.

Akakua, akapata kazi ya ukarani Industrial Area, akapata mchumba, kijana mpole wa watu wa Murang'a. Mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga uchumba kwa mila yetu ya Kikamba, walipelekwa kwetu, kaka yangu akawapokea kama mjomba, tukala, tukapanga siku ya kanisani. Sikuulizwa ni nani atakayepiga picha, nami sikutaja. Kwa nini nitaje? Mtu mwenye duka la unga haulizwi kama atakula ugali.

Alikuja studio Alhamisi moja alasiri, miezi miwili kabla ya harusi, akiwa ametoka kazini. Alikuwa amebeba chapati na ndengu.

"Niaje, Anti," alisema, kwa kunichokoza tu.

"Niaje ni ya rika lako. Mimi nasalimiwa."

"Haya basi, hujambo Anti wangu." Alicheka, akavuta kiti. Niliona ana jambo, maana alianza kunyoosha nguo yake magotini. "Anti, nataka tuongee story ya ile siku. Kuna msee flani wa picha wa Umoja, nimecheki kazi yake kwa simu, ako poa sana. Hata ako na drone."

"Wa kazi gani?"

"Wa kupiga harusi. Ndio wewe hiyo siku u—"

Sikumwacha amalize. Niliwaka. Nina hasira za karibu, kila aliyewahi kufunga macho mara tatu mbele ya kamera yangu anajua. Nilimwambia kwamba nilikuwa napiga harusi za Eastlands huyo kijana wake akiwa bado ananyonya. Nilimwambia kwamba watu walipanga tarehe za harusi zao kwa kuniuliza kwanza kama nina nafasi. Nilimuuliza kama anataka watu wa Mowlem waseme Anti mwenyewe amekataliwa nyumbani kwake, akaletwa mtu wa ndege za kuchezea.

"Si hivyo, Anti. Nisikize kwanza."

"Nimesikia. Picha zangu zimekuwa za kizamani."

"Nani amesema ni za kizamani?"

"Harusi yako hapigi mtu mwingine. Labda nikiwa nimekufa."

Aliangalia lile pazia la ngazi, akaangalia mikono yake. Kwa sauti ndogo akasema, "Sawa, Anti. Piga wewe." Akachukua mkoba, akaenda. Nilikula zile chapati peke yangu, na nakumbuka vizuri kwamba nilijiona nimeshinda.

Siku ya harusi ilikuja na jua zuri, halina ukali, jua la kumfurahisha mpiga picha. Walimvalisha nyumbani kwangu. Chumba changu cha kulala kilijaa wanawake hadi mlangoni, nami nilikuwa nimevua viatu nikapanda juu ya kitanda ili nipate uso wake kwenye kioo. Nuru ya dirishani ilikuwa imemshukia begani. Akageuka, gauni likiwa wazi mgongoni, akasema, "Anti, njoo unifunge hii zipu."

Nilikuwa na jicho kwenye kamera. Nikamwambia, "Mwambie mke wa mjomba. Nikishuka hapa nuru hii naipoteza."

Mke wa kaka yangu akaja, akafunga. Nilipiga picha kumi na mbili za mikono yake, zote nzuri. Kama kuna mtu ataniuliza nilifikiria nini wakati ule, sikufikiria kitu. Mtu akiwa kazini huwa hayupo. Sijui kulieleza vizuri zaidi ya hapo. Unaona kila kitu, unaona uzi uliochomoza kwenye pindo, lakini wewe mwenyewe umeondoka.

Kanisani aliingia ameshikwa mkono na kaka yangu, nami mbele yao nikirudi kinyumenyume hadi madhabahuni, bila kujikwaa, na umri wangu huu. Nilijisifu kimoyomoyo kwa hilo.

Sherehe ilikuwa kwenye uwanja wa shule ya msingi, tenti nne na keki ya ngazi tano. Viti vya wazazi vilikuwa vimepangwa mbele, karibu na meza kuu, vimefungwa vitambaa vyeupe na utepe wa zambarau. Upande wa bwana harusi walikaa baba na mama yake. Upande wetu alikaa kaka yangu, na kando yake palikuwa na kiti kimoja kitupu. Mkewe alikuwa amekaa nyuma na watu wa kwetu. Kwenye kile kiti palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa mtoto wangu, ule mwandiko wake wa kulala kulia: Mama wa Bibi Harusi.

Machozi yalinitoka. Nilijua mara moja, au nilidhani najua, kwamba amemwekea mama yake, dada yangu, aliye kaburini miaka yote hiyo. Nikasema moyoni, basi, hapo ndipo ukweli ulipo. Nafasi ile ina mwenyewe, na nilimwambia mimi mwenyewe siku ya kwanza. Iliniuma, sitasema haikuniuma. Lakini nilijikaza kisabuni, nikapangusa macho, nikakipiga picha. Nilikipiga kutoka mbele, kutoka kando, karatasi peke yake, karatasi na utepe. Kisha nikakiburura kidogo kiingie kwenye mwanga.

Kaka yangu akanishika mkono. "Wewe, hicho kiti—"

"Nitakirudisha. Ngoja nipate mwanga."

Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, halafu akaniachia mkono. Amenizoea.

Keki ikakatwa. Walianza na upande wa bwana harusi, wakapiga magoti, mama wa Murang'a akalishwa, akalia, nikapata picha safi ambayo hadi leo naitumia kuwaonyesha wateja. Kisha wakageukia upande wetu. Kaka yangu akalishwa. MC akasema kwenye kipaza sauti, "Na sasa tunamwomba mama wa bibi harusi akae kwa kiti chake apokee keki yake."

Mimi nilikuwa nimechuchumaa hatua tatu kutoka kile kiti, nimejiweka tayari. Nilidhani MC hajui kwamba mama alifariki, nikakasirika kwamba hawakumwambia. Kaka yangu alinipungia mkono, njoo, njoo. Nilidhani ananiambia nisogee nipate vizuri. Nikasogea.

Mtoto wangu alikuwa amesimama mbele ya kiti kitupu, sahani mkononi. Alikuwa ananitazama. Si kutazama kwa kupita. Aliniangalia moja kwa moja ndani ya lenzi, midomo imefunguka kidogo, kama anayengoja kujibiwa. Nilibonyeza mara moja. Hapo hapo nikajua imeharibika, kwa sababu picha ya keki ni ya keki, na mtu akiikazia macho kamera, inaonekana kama amepangwa. Nikampungia mkono.

"Usiniangalie mimi! Angalia keki!"

Watu wakacheka. Tenti nzima. MC naye akaingilia, akasema hapa kuna mpiga picha anayemwamrisha hata bibi harusi, na kicheko kikazidi. Mtoto akainamisha uso, akaangalia keki kama nilivyomwambia. Mke wa kaka yangu, kwa kuona aibu inaingia, akainuka haraka kutoka nyuma, akaja, akakaa kwenye kile kiti. Maharusi wakapiga magoti, akawalisha, wakamlisha. Uso wa bibi harusi ulikuwa umelowa. Nilijiambia ni kwa ajili ya dada yangu, nikapiga, na picha zikatoka vizuri sana. Moja iko sebuleni kwa kaka yangu hadi leo.

Albamu niliitengeneza mwenyewe, kurasa nene, jalada jeupe. Nilimpelekea mtaa wa Fedha, alikohamia na mumewe. Aliifungua mezani, ukurasa mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Kuna mahali alirudi nyuma kurasa mbili, akaangalia, akaendelea. "Zimetoka poa, Anti. Asante," alisema, akaniwekea chai.

Baada ya hapo akaanza kupungua. Mwanzoni alikuja kila Jumapili, kisha Jumapili moja kwa mwezi, kisha ikawa simu. Fedha si mbali. Mtu mwenye miguu mizuri na viatu vibovu anafika. Aliponipigia aliniuliza kama nimekula, nikamwambia nimekula, akasema haya Anti, ulale salama. Nilimlaumu mumewe, nikalaumu kazi, nikalaumu hiyo Fedha yenyewe na mageti yake. Siku moja nilijipamba nikaenda bila kumwambia, nikawakuta wameenda kwa wakwe, nikakaa na bawabu kwenye benchi lake saa nzima tukizungumza habari za mvua. Nilirudi nyumbani, nikasema kazi ya mlezi imeisha, ndivyo ilivyo kwa kila mtu. Lakini haikuwa hivyo kwa kila mtu. Nilikuwa napiga picha za watu. Niliona mabinti wanaorudi kwa mama zao.

Harusi nazo zikanipungukia. Sasa kila familia ina mpwa mwenye kamera. Kazi iliyobaki ni paspoti na marehemu. Huja mtu na picha ya kundi, ya harusi ya zamani, mara nyingi niliipiga mimi, ananionyesha uso mmoja kwa kidole na kusema, "Huyu, Anti. Mtoe hapo, umweke peke yake." Namkata, namsafishia nyuma, namvalisha tai kama hakuwa nayo. Wakati mwingine nakumbuka siku yenyewe, nilivyomkemea asimame wima. Baada ya mteja kuondoka hukaa na ule uso kwenye kompyuta kwa muda kabla sijauchapisha. Hakuna wa kumwambia kwamba nilimjua.

Mwezi uliopita, Jumanne mchana, stima ilikuwa imepotea jengo zima na fundi wa milango huko chini amenyamaza, nikasikia viatu nilivyovijua kwenye ngazi. Mtoto wa dada yangu alikuwa amembeba binti yake wa miezi saba mgongoni. Mimi nilikuwa nimemwona mtoto huyo mara tatu tu.

"Anti, tunataka picha ya paspoti ya huyu," alisema. Akanieleza akiwa anamfungua leso. Mumewe amepata kazi Kanada. Wote watatu wanaondoka kabla ya mwaka kuisha.

Nilisema ni vizuri. Nilisema huko kuna baridi, wanunue nguo nzito. Nikageuka kutafuta betri, ingawa betri ilikuwa ndani ya kamera.

Picha ya paspoti ya mtoto mchanga ni kazi ya kumtoa mtu jasho. Macho yawe wazi, mdomo ufungwe, mkono wa mama usionekane, na uso uelekee kamera. Tulimlaza juu ya shuka jeupe karibu na dirisha. Aliangalia dari, akaangalia dirisha, akaangalia vidole vyake. Nilitikisa funguo, nikapiga mluzi, nikaimba kwa sauti yangu hii ya kukwaruza, akanipuuza kabisa. Mwishowe aligeuka mara moja, nikampata.

"Huyu mtoto wako kamera haitaki," nilisema nikijinyoosha mgongo.

Mama yake alikuwa anamvalisha soksi. "Mimi niliiangalia, ukanikataza," alisema.

Nikamuuliza lini.

"Siku ya harusi. Nikiwa na keki."

Nikasema ndiyo, nakumbuka, ilikuwa inaharibu picha. Alimaliza soksi moja, akaanza nyingine.

"Kile kiti kilikuwa chako, Anti."

Nilimwambia nilijua ni cha mama yake.

"Mama tulienda na mjomba kumwekea maua kaburini, Ijumaa kabla ya harusi. Kiti kilikuwa chako. Ndio maana nilikuwa nimetafuta yule msee wa Umoja, ndio wewe ukae. Ungekaa tu, ule keki, upigwe picha. Nilikuja hapa kukuambia."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniachia nafasi. Nikasema ukiona vile nimeandika, utajua mwenyewe. Hukujua. Nikakuangalia." Alimwinua mtoto, akamweka begani. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo, hasira naijua. "Sikuwa naangalia kamera. Nilikuwa nakuangalia wewe."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Nilitaka kumwambia kwamba nilikitamani kile kiti tangu akiwa na miaka minne, kwamba nilipokiona nililia, kwamba niliondoka kwenye nafasi yangu kwa kudhani namheshimu dada yangu. Nilichosema ni, "Niliona karatasi."

"Najua uliiona. Uliipiga picha nne." Akatabasamu kidogo. Kisha akasema, "Ile nilivyokuwa nakuangalia, uko nayo? Kwa albamu hukuiweka, niliitafuta. Nataka kwenda nayo."

Nikamwambia angoje, niitafute. Stima ilikuwa imerudi. Nikaketi kwenye kompyuta, nikafungua faili za harusi yake moja moja, naye akasimama nyuma yangu akimpigapiga mtoto mgongoni. Picha mbovu huwa sihifadhi. Ile niliifuta siku ya tatu baada ya harusi, pamoja na za watu waliofumba macho. Nilijua hivyo kabla sijakaa. Lakini nilifungua faili nyingine, kisha nyingine, kwa sababu alikuwa bado amesimama pale, na nikimwambia haipo angeondoka.